Bondia Asiyejitaja: Kusoma Michezo ya Promota

Skrini ni jedwali. Kushoto pana majina, kulia pana tarakimu: nguvu, wepesi, pumzi, umaarufu, ujira. Ulingo hauonekani, wala taa, wala mashabiki. Mchezaji amekabidhiwa kampuni ya mapambano, fedha kidogo na tarehe ya Jumamosi. Kazi yake ni kuamua nani apigane na nani, kisha kubonyeza kitufe na kusoma kilichotokea. Anasoma sentensi fupi fupi. Huyu ametupa teke la chini, yule amelikinga, wamekamatana kwenye ukingo wa kizimba, raundi imekwisha. Hivyo ndivyo ilivyo World of Mixed Martial Arts, mfululizo wa michezo ya kompyuta ulioandikwa na Mwingereza Adam Ryland na kutolewa na kampuni ya Grey Dog Software.

Msomaji atauliza mhakiki wa fasihi anatafuta nini humo. Ninatafuta maneno, kwa sababu mchezo huu umejengwa kwa maneno, na pambano lote hutokea katika usomaji. Tena ukoo wake ni wa Uingereza. Mwaka 1982 Kevin Toms alitoa mchezo wa umeneja wa soka, Football Manager. Mwaka 1992 ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, wakatoa Championship Manager, na kampuni yao, Sports Interactive, ikaweka makao yake hapa London. Kwa zaidi ya muongo mmoja mechi katika mchezo wa ndugu hao hazikuwa na picha: mstari mmoja wa maandishi uliwaka, ukazimika, na mtu mzima akaruka kitini kwa sababu ya kitenzi. Vidoti vya wachezaji uwanjani vilikuja mwaka 2003 tu. Ryland ameupeleka utamaduni huo wa kusoma kwenye mieleka na mapigano mseto, na ameubakiza katika maandishi hata baada ya wengine kuhamia kwenye picha.

Baada ya matamasha ishirini hivi, msomaji huanza kuzitambua sentensi. Zinarudi, zikibadilishwa jina la mpigaji na kiungo kilichopigwa. Wapo wanaoliona hilo kuwa udhaifu. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa sisi tuliolelewa na tendi tunajua kazi ya kirai kinachorudi. Mtunzi wa Utendi wa Tambuka, kule Pate mwaka 1728, hakuona haya kurudia namna ya kueleza upanga unavyoinuliwa. Marudio humpumzisha msikilizaji na kumwandaa kwa pigo lisilofanana na mengine. Katika mchezo wa Ryland pia, sentensi zilizozoeleka hutuliza akili, na inapotokea ile ambayo hujaiona kwa miezi, moyo hupiga. Kwa upande wa mbinu, basi, mchezo huu na utendi si wageni.

Lakini pana tofauti moja kubwa, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Katika tendi za vita, shujaa hutoka safuni, hujitaja kwa jina na nasaba, humtaka mwenzake naye ajitaje, ndipo silaha huinuliwa. Katika vivugo vya Wahaya mtu husimama mbele ya mtawala na kujisifu kwa nafsi ya kwanza. Pigano huanzia kinywani. Katika mchezo wa promota, mpiganaji hajitaji. Akikataa pambano, kukataa kwake humfikia mchezaji kama taarifa. Akidai nyongeza, dai ni tarakimu katika safu ya mkataba. Anayezungumzwa naye, anayeandikiwa barua, anayesifiwa na kulaumiwa ni promota peke yake. Nafsi ya kwanza imehamishwa kutoka ulingoni ikaketishwa ofisini.

Pengine mtu atasema majigambo ni mapambo tu. Basi amtazame Karim Mandonga, yule wa Mtu Kazi. Alijulikana Tanzania na Kenya nzima kwa kinywa chake kabla ya kujulikana kwa ushindi, na alipomfuata Daniel Wanyonyi Nairobi, Januari 2023, alikwenda na ngumi aliyoipa jina kabisa, Sugunyo, kama mtu anayempa jina mwanawe. Akashinda. Katika jedwali la Ryland umaarufu hupandishwa na ushindi na ubora wa mapambano kwa sehemu kubwa; ukimwingiza Mandonga humo kwa rekodi yake peke yake, atakuwa mtu wa kujaza nafasi. Jedwali halina safu ya ulimi.

Namna hii ya kutazama kutoka ofisini haikuzuliwa na kompyuta. London imekuwa nayo muda mrefu, na Waafrika Mashariki wamepita chini yake. Mickey Duff, mzaliwa wa Poland aliyekulia hapa akapigana kisha akawa mpangaji mapambano, ndiye aliyemsimamia John Mugabi wa Uganda, mshindi wa medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mugabi aliwaangusha wapinzani wake wote hadi alipokutana na Marvin Hagler huko Las Vegas, Machi 1986, akaangushwa katika raundi ya 11. Miaka mitatu baadaye alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC. Ulimwengu ulimfahamu kwa jina la The Beast, yaani mnyama wa porini, na jina hilo lilikaa vizuri kwenye mabango. Silioni kama jina ambalo kijana wa Kampala angejitaja nalo mbele ya watu wake. Ni kinyume cha kivugo: sifa anayovikwa mtu na muuzaji wake.

Mugabi alikuwa nyota. Wengi wanaokuja ni wa tabaka jingine. Ukikaa York Hall, Bethnal Green, ukumbi wa ngumi uliofunguliwa mwaka 1929, utajifunza hesabu yake usiku mmoja. Katika matamasha ya kumbi ndogo, bondia wa nyumbani huuza tiketi kwa ndugu, majirani na wenzake wa kazini, na mauzo hayo ndiyo yanayomlipa mgeni. Mgeni huingia kwanza, muziki wake mfupi, jina lake likitamkwa vibaya. Ameitwa ili apoteze kwa heshima, na kila mtu ukumbini anajua, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kujua. Mchezo wa Ryland unakufundisha kumtafuta mtu huyohuyo: ana jina linalokubalika, ni rahisi kumpata, tarakimu zake ziko chini kidogo ya za kijana unayemlea. Sijasoma riwaya iliyonieleza biashara hiyo kwa uwazi namna hii, na huo ni ukweli wa kisanaa ninaoustahi. Hauhubiri. Unakukabidhi kalamu tu.

Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga aliletwa kupambana na Mwingereza Sam Eggington. Raundi ya pili haikumalizika. Mwamuzi alimwokoa Mwingereza. Mchezo wa kompyuta unaweza kuzalisha tukio kama hilo, na hulizalisha mara kwa mara, kwa kurusha dadu: mnyonge amebahatika. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mwakinyo hakushinda kwa dadu. Kilichokosewa ni jedwali, kwa sababu waliolijaza hawakuwa wamekaa Tanga kumwona akifanya mazoezi. Katika mchezo, mshangao hutoka ndani ya mfumo na mfumo hubaki bila kosa. Tarakimu ya mtu ndiyo ukweli wake, imeandikwa kabla hajarusha ngumi. Hiyo ni itikadi, hata kama mwandishi wake hakukusudia kuwa na itikadi yoyote. Baada ya Birmingham orodha za dunia zilimrusha Mwakinyo juu kwa nafasi nyingi, jambo linaloonyesha ni kiasi gani zilikuwa hazimjui.

Miaka minne baadaye, Septemba 2022, alikuwa Liverpool mbele ya Liam Smith, na pambano likasimamishwa katika raundi ya nne. Alieleza baadaye habari za viatu visivyomfaa na kifundo cha mguu kilichoumia. Nyumbani wengi walimcheka, utani wa viatu ukaenea. Siwezi kuamua nani alikuwa mkweli. Ninachoweza kusema ni kwamba mhakiki wa mchezo huu hana budi kuuliza viatu viko wapi humo. Kuna majeraha, kuna uchovu, kuna mtu kushindwa kutimiza uzito. Safari haimo: begi, viza, baridi ya uwanja wa ndege, chakula kisichozoeleka. Mambo hayo ndiyo hadithi nzima ya mgeni, na kwa promota si chochote, kwa hiyo hayakupewa safu.

Mchezo unamruhusu mchezaji kuandika watu wake mwenyewe. Nilimwandika mmoja, wa kubuni, mzaliwa wa Tanga. Nilikaa na tarakimu zake jioni nzima, nikampa pumzi nyingi, mkono wa kulia mzito, na umaarufu mdogo, maana nilitaka ulimwengu ule uwe mkweli. Kisha nikamsahau. Miezi mitatu ya mchezo ikapita, mpinzani wa kijana wangu bora akaumia siku chache kabla ya tamasha, na programu ikaniletea orodha ya waliokuwa huru. Yeye alikuwa wa nne, na ujira wake ulikuwa mdogo kuliko wa wote. Nilimpigia mstari bila kufikiri. Alipotea katika raundi ya pili, maelezo yakawa mistari minne, na nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa mauzo ya tiketi nilipolitambua jina.