Saa ya Bomu Mezani

Kwenye meza ya mchezo wa kuigiza hakuna waya wala baruti. Kuna karatasi, penseli, dadu na sauti ya mwendesha mchezo. Kwa hiyo anayetaka kujua kama bomu la hadithi limetegwa kwa ustadi aulize swali moja: wachezaji wakilala usiku huu, alfajiri watakuta nini? Jibu likiwa bomu litawasubiri mpaka wafike, hiyo si saa, ni pambo.

Saa iliyotengenezwa vizuri kuliko zote imo katika Apocalypse World, mchezo wa Vincent na Meguey Baker wa mwaka 2010. Mwendesha mchezo huchora duara na kulikata kwenye 3, 6, 9, 10, 11 na 12. Kabla ya 9, janga bado linazuilika. Saa ikishapita 9 haliepukiki, ila watu wanaweza kujiandaa. Kwenye 12 linashuka. Tazama mkato wenyewe: vipande vitatu vinene, kisha vitatu vyembamba. Jicho linahisi pumzi zikikatika kabla hata dadu haijarushwa. Tena saa hiyo huenda pande mbili: tukio likitokea, kipande hupakwa wino, kipande kikipakwa, tukio lazima litokee.

Nafuu nayo iwe na bei. Katika Fallout ya kompyuta, ya 1997, mchezaji ana siku 150 za kutafuta kifaa cha kusafisha maji ya handaki la watu wake. Anaweza kuwalipa wafanyabiashara wapeleke maji na kujiongezea siku 100, lakini hapo atakuwa ametoa siri ya mahali walipojificha.

Kifyatuo hupimwa kwa mkono unaokigusa. Kuchagua waya mwekundu au wa buluu bila fununu yoyote ni kurusha sarafu tu. Gamma World, mchezo wa mezani wa 1978, ulifanya vizuri zaidi: mwenye kuokota chombo cha kale hupita hatua kwa hatua kwenye mchoro wa njia, dadu zikimwongoza, na njia nyingine humdhuru.

Bomu la Megaton, katika Fallout 3 ya 2008, halina saa kabisa; uzito wake uko kwenye kifyatuo. Limelala katikati ya mji huo, watu wakiishi kulizunguka. Mwenye ujuzi wa milipuko anaweza kulitegua, au kulifungia kifaa cha kulilipua kutoka mbali kisha apande jumba la Tenpenny, asimame roshani, na kitufe kiko mbele yake.