JESHI LA HIARI NA RAIA WALIOKETI
Mapitio ya kitabu cha Bacevich kwa mizani ya fiqhi na historia

 

Mwaka 2013 Andrew Bacevich, kanali mstaafu wa jeshi la Marekani na mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Boston, alitoa kitabu kiitwacho Breach of Trust. Anwani yake ndogo inadai kuwa Wamarekani wamewakosea askari wao na nchi yao. Mwandishi huyu alipigana Vietnam, na mwanawe aliuawa akiwa askari nchini Iraq mwaka 2007. Hivyo haongei kama mtu aliyetazama kwa mbali. Tumeona kinafaa kupitiwa katika kurasa hizi kwa sababu suala lake, yaani haki zilizopo baina ya raia na askari anayelipwa aliyejiunga kwa hiari, wanachuoni wetu walilipangia hukumu karne nyingi kabla ya Marekani kuwepo.

Hoja ya kitabu

Hadi mwaka 1973 Marekani iliandikisha vijana jeshini kwa lazima. Vita vya Vietnam vilipochukiwa, Rais Nixon aliuondoa utaratibu huo, na tangu hapo jeshi likawa la wenye kujiunga kwa mkataba na mshahara. Matokeo yake, anasema Bacevich, vita viligeuka kuwa kazi ya wachache. Walioko katika jeshi la kudumu hawafikii hata asilimia 1 ya watu wote. Vita vya Afghanistan vilianza 2001 na vya Iraq 2003, na katika miaka hiyo hiyo miwili serikali ilipunguza kodi. Raia hakutakiwa kutoa mwana wala mali; alitakiwa kupiga makofi. Kitabu kinaanza na sherehe katika uwanja wa michezo mjini Boston, ambapo askari wa majini anakutanishwa ghafla na familia yake mbele ya maelfu ya watazamaji. Watu wanaguswa, kisha mchezo unaendelea. Mwandishi anaona hapo heshima isiyomgharimu mtu chochote, na sisi tunakubaliana naye.

Mizani ya fiqhi

Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya anawagawa wapiganaji mafungu mawili. La kwanza ni murtaziqa, walioandikwa katika Diwani na kulipwa kutoka mali ya fai. La pili ni mutatawwi'a, wanaotoka kwa kujitolea bila kuwamo katika Diwani, na hao hupewa kutoka fungu la sadaka. Katika Kiarabu cha leo neno murtaziqa limekuwa tusi, likimaanisha yule tunayemwita kwa Kiswahili mamluki. Kwa al-Mawardi halikuwa na ubaya huo. Ni mtu ambaye riziki yake inatoka Diwani kwa kuwa amejifunga na kazi hiyo.

Kwa mgawanyo huu, askari wa Marekani anayeitwa wa kujitolea ni murtaziq. Hiari yake inaishia pale anapotia sahihi. Baada ya hapo hachagui vita, wala mahali, wala muda. Basi kauli ya raia kwamba "walijitolea wenyewe" haimtoi raia katika dhima, bali inaiongeza, kwa kuwa aliyekabidhi uamuzi wake amewaachia wengine amana ya damu yake.

Ndiyo maana al-Mawardi hakuacha posho ya askari iwe hisani. Anaipima kwa kiwango cha kumtosheleza, akitazama mambo matatu: idadi ya wanaomtegemea, idadi ya wanyama anaowafuga kwa ajili ya vita, na ughali au urahisi wa bei pale anapoishi. Ikichelewa na mali ipo, askari anaidai kama deni. Kabla yake Umar bin al-Khattab (R.A.), aliyeweka Diwani, alipomsikia mke wa askari aliye vitani akilalamika kwa upweke, alimuuliza binti yake Hafsa (R.A.) mwanamke huvumilia muda gani, kisha akaweka kikomo cha askari kukaa mbali na mkewe. Riwaya zimetofautiana kama ni miezi minne au sita. Lililo wazi ni kuwa Khalifa aliihesabu nyumba ya askari kuwa sehemu ya vita.

Hapa ndipo watu wengi wanapoifahamu vibaya faradhi ya kifaya. Wanadhani wachache wakishaifanya, waliobaki hawana la kufanya. Suratut Tawba aya ya 122 inafundisha kuwa waumini wasitoke wote, lakini hapo hapo inawapangia watu kazi ya kujifunza dini na kuwaonya wenzao. Aya ya 91 ya Sura hiyo inawaondolea lawama wadhaifu, wagonjwa na wasio na cha kutoa, kwa sharti la kumsafia nia Allah na Mtume wake. Na katika Hadithi ya Zayd bin Khalid (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwenye kumwandaa mpiganaji na mwenye kuitunza vyema familia yake wote wamehesabiwa kuwa wamepigana. Katika dalili zote hizi hakuna nafasi ya mtazamaji.

Mazingatio ya Samarra

Historia yetu nayo ina onyo. Khalifa al-Mu'tasim (218–227 H, 833–842) alijenga jeshi la Waturuki, wengi wao watumwa walionunuliwa, na mwanzoni mwa utawala wake akaagiza Waarabu wa Misri wafutwe katika Diwani. Askari wake walikimbiza farasi katika njia za Baghdad wakiwaumiza wazee, wanawake na watoto, na watu nao wakawavizia na kuwaua baadhi yao. Khalifa akahamia Samarra mwaka 221 (836) na jeshi lake. Fitina ilitulia Baghdad, lakini ukuta baina ya jeshi na umma ukakamilika. Mwaka 247 (861) askari hao walimuua Khalifa al-Mutawakkil. Baada yake, hadi mwaka 256 (870), walifuatana makhalifa wanne, na watatu kati yao waliuawa.

Hatusemi kwamba Marekani ni Samarra. Askari wa Mu'tasim walinunuliwa, na wa Marekani wana mikataba na mahakama. Kinachofanana ni kwamba umma uliojitenga na jeshi lake huishia kutojua linafanya nini kwa jina lake.

Tunapotofautiana na mwandishi

Kwanza, Bacevich anaona dawa ni utumishi wa lazima kwa vijana wote, ili kila nyumba iwe na cha kupoteza. Lakini vita vya Vietnam, alivyopigana yeye mwenyewe, viliendeshwa na jeshi lenye walioandikishwa kwa lazima, na bado viliendelea kwa miaka. Lazima inagawa mzigo, haizalishi uadilifu. Kinachozuia vita vya dhulma ni watu kumuuliza mtawala hoja yake kabla damu haijamwagika.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, anwani ya kitabu inataja waliodhulumiwa wawili: askari na nchi yake. Watu wa Iraq na Afghanistan hawamo. Wanachuoni wa siyar hawakuzungumzia haki za askari bila kutaja haramu ya kuua wanawake na watoto wasiopigana. Raia anayelipa mshahara wa jeshi ana dhima kwa askari wake, na ana dhima pia kwa wale ambao bunduki imeelekezwa kwao.

Na sisi je?

Ndugu msomaji, tusikisome kitabu hiki kama aibu ya wengine. Jeshi letu la Tanzania nalo ni la wanaojiunga kwa hiari. Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki ya Congo, wakilinda amani. Nchi iliomboleza, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Imamu aulize: je, katika safu zake yumo mjane wa askari? Watoto wake wanasoma? Na msikitini kwake watu wanajua askari wao wametumwa wapi, na kwa sababu gani? Asiyeweza kujibu maswali haya amekaa katika uwanja ule ule wa Boston.

Pamoja na mapungufu tuliyoyataja, tunawausia wanafunzi wakisome kitabu hiki wakiwa na al-Mawardi mkononi. Wallahu a'lam.