Uso Ndani ya Kitenge

Sokoni Mukuyuni, kule Makueni, vitenge huning'inia kwenye kamba, na chini yake, juu ya turubai, hupangwa vitana, brashi za chupa, vichujio na dawa ya mbu ile ya kuwasha, iliyojiviringa. Mtu huulizia bei, akapunguziwa kidogo, akaenda zake. Thandiwe Muriu, mpiga picha wa Nairobi, huvikodolea macho vitu vya aina hiyo mpaka vikageuka miwani.

Muriu, aliyezaliwa 1990, alianza kujifunza kamera mwenyewe akiwa na miaka 14, akaingia kwenye picha za matangazo, kisha mwaka 2015 akaanza mfululizo wake, Camo. Mwanamke huvalishwa kitenge na kusimamishwa mbele ya kitenge kilekile. Sogea karibu ulitafute bega: hulioni. Ua limetoka ukutani, likapita mkononi, likarudi ukutani bila kukatika. Hapo namvulia kofia, na fundi cherehani naye apewe haki yake, maana kitambaa kikipinda kidogo tu, mchoro unakosana na ujanja unafichuka. Kinachosalia ni ngozi nyeusi inayong'aa, nywele zilizosukwa kama sanamu, na miwani isiyoonyesha macho.

Macho ndiyo hoja yenyewe. Kwenye picha ya kitambulisho unaamriwa: tazama mbele, usicheke. Kazi yako ni kutazamwa tu. Mwanamke wa Muriu anakutazama akiwa nyuma ya kifaa cha jikoni, nawe huna pa kumshika. Wapo wanaolalamika kwamba mtu amegeuzwa pambo. Kwa picha mbili tatu nakubaliana nao, hasa nikizitazama kwenye simu, ambako rangi humla mtu mzimamzima. Zile zilizo bora ni habari nyingine: nukta na mistari hukaribia kuwa mchoro mtupu, halafu kidevu kinainuka, na huyo aliye mbele yako si mnyonge.

Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu aliyefariki 1993, alishaucheza mchezo wa jirani na huu. Studioni kwake alikata na kuunganisha picha, wateja wakajiona pasipowezekana kuwa. Yeye aliwahamisha watu. Muriu huwaacha palepale, akawaficha wakionekana.

Kila picha ya Camo huambatana na methali. Mimi huisoma mwisho kabisa, nikishalipata bega.