Sheria ya Makosa ya Mtandao Inamlinda Nani Kikatiti?

Sheria haidondoki kutoka mbinguni. Hutungwa na watu na huendeshwa na watu. Kwa hiyo kada anayeisoma hana budi kuuliza: malalamiko ya nani ndiyo yanayofika mahakamani kwanza? Tunaiuliza hivyo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo.

Tuchukue mfano wa mama muuza ndizi sokoni Kikatiti, kando ya barabara ya Arusha na Moshi. Benki yake ni simu. Unaingia ujumbe: ile hela tuma kwa namba hii. Anatuma, akidhani ni yule anayemdai. Kifungu cha 12 kinamkataza tapeli huyo. Kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuidai kampuni ya simu taarifa za mwenye namba. Katika maandishi, mama huyu amelindwa barabara. Lakini ili ulinzi umfikie, sharti alipe nauli, afungue jalada, apoteze siku za soko, tena kwa fedha ambayo huenda ni ndogo kuliko gharama ya kuifuatilia. Tapeli anaijua hesabu hiyo kuliko watunga sheria.

Kwa upande wa pili, mwaka 2016 mahakama mjini Arusha ilimhukumu mkazi mmoja faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3, kwa kumtukana Rais katika Facebook. Hatutetei matusi. Ila kifungu cha 16 kimetia kapu moja uongo, upotoshaji na nia ya kutukana, na adhabu yake haipungui milioni 5 au miaka 3. Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952, walijua kwamba kilio cha mnyonge hakina adabu ya ofisini. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi dharau na uonevu. Haukumkataza mwananchi ulimi mkali.

Kifungu cha 16 kibanwe kwenye uongo unaowadhuru wananchi. Nguvu ya kifungu cha 32 ielekezwe sokoni. Mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Basi nyuma ya namba iliyomwibia mama yule kuna vidole vya mtu, na kituo cha polisi kinaweza kuuliza ni vya nani.