Knedle, Kaimati na Sura ya Maelekezo

Maelekezo ya mapishi yakiandikwa huwa na sura ileile: juu mahitaji, chini hatua zilizopangwa kwa namba, mwisho "tayari kwa kuliwa". Ukiyahakiki kama utanzu, udhaifu wake ni kwamba hatua zote zina uzito sawa. Hatua ya tatu haipazi sauti kuliko ya nne, na jikoni mambo hayaendi hivyo.

Chukua knedle, madonge matamu ya viazi ya Wapolandi. (Watu hawa tumewahi kuwa nao jirani: kuanzia 1942 maelfu ya wakimbizi wao, waliotoka Urusi ya Stalin kupitia Iran, walipewa makazi Tanganyika, na makaburi yao yapo Tengeru, Arusha.) Viazi mviringo huchemshwa, hupondwa, hukandwa na unga wa ngano na yai. Donge hubapazwa kiganjani, katikati huwekwa plamu iliyotolewa kokwa na kutiwa sukari mahali pa kokwa, kisha hufumbwa na kutumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Mezani hunyunyiziwa chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi, sukari na mdalasini.

Kwa hatua inaandikwa hivi: chemsha, menya, ponda, acha vipoe, tia unga, kanda. "Acha vipoe" imebanwa pale katikati kama abiria wa daladala, nayo ndiyo iliyobeba pishi lote. Kiazi cha moto hunywa unga bila kushiba: unaongeza, bado unanata, unaongeza tena, na kinachotoka chunguni ni donge gumu lisilo na ladha ya kiazi. Gramu nazo hazisaidii sana. Kiazi kilichochimbwa juzi kina maji mengi kuliko kilichokaa stoo, kwa hiyo mwandishi anayekuambia utie gramu 250 za unga anazungumzia viazi vyake, si vya kwako ulivyonunua sokoni Kigoma.

Wapishi wa Poland wana ujanja wao, na kwangu hapo ndipo maelekezo haya yanapokuwa sanaa. Viazi vilivyopondwa na kupoa husawazishwa ndani ya bakuli, vikachorwa msalaba kwa kisu hadi vikawa robo nne. Robo moja hutolewa, pengo lake likajazwa unga, kisha ile robo hurudishwa na vyote vikakandwa pamoja. Hakuna mizani wala kikombe. Viazi vikiwa vingi pengo linakuwa kubwa, vikiwa vichache linakuwa dogo. Umajimaji wa kiazi bado utaamuliwa na mkono, lakini angalau mkono umepata pa kuanzia.

Sasa sikiliza kaimati zinavyofundishwa Ujiji, mji wa misafara ambao watu wa pwani waliufikia na vyungu vyao kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Shangazi hataji mahitaji kwanza. Anaanzia mwisho: "Mwanangu, futari ni magharibi, basi hamira iingie alasiri. Usiwashe moto mpaka uone unga umejaa vipovu." Saa ya ukutani haimo. Na hata angeitaja isingemfaa kila mtu, maana jua la Ujiji huzama kama dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, na anayefuata saa za mpishi wa redio ya Dar atakuwa na kaimati zilizopoa adhana ikilia. Halafu shangazi hurudia. "Shira iwe nzito" utaisikia mara tatu, kila mara kwa ukali zaidi, na iliki itatajwa mara moja tu, huku akigeuka kutafuta mwiko. Uzito ambao namba haiwezi kuuonyesha, yeye anauonyesha kwa kurudia.

Tazama pia kuelea. Kaimati ikidondoshwa kwenye mafuta ya moto huibuka mara moja, na kuibuka huko hakuna maana zaidi ya kwamba kazi ya kugeuza imeanza. Ndani bado mbichi. Knedle huzama hadi chini ya sufuria, likakaa, likapanda taratibu, na likishapanda linahitaji dakika mbili tatu tu. Alama ni moja, ila kwenye mafuta inafungua sura na kwenye maji inakaribia kuifunga. Mwandishi anayeandika "subiri yaelee" bila kusema nini kinafuata amemwacha msomaji njia panda.

Utamu nao umewekwa kinyume. Unga wa kaimati hauna haja ya sukari. Shira ndiyo inayosema yote, kwa nje, kabla hujatafuna. Knedle huanza na siagi na mdalasini, likapita kwenye kiazi kilichopoa ladha, ndipo ukakutana na uchachu wa tunda. Kwa hiyo anayetaka kulipika Kigoma asikimbilie ndizi mbivu, ambayo ni utamu juu ya kiazi. Embe linaloanza kuiva, bado na ukakasi, likatwe vipande vidogo. Lililoiva sana hutoa maji na kupasua donge.

Kwenye maelekezo ya knedle, kasoro moja ya mpangilio haivumiliki. Chenga za mkate huandikwa hatua ya mwisho, kwa sababu ndizo zinazonyunyizwa mwisho. Ukifuata hivyo, madonge yataelea, yatalainika na kuanza kufumuka, wewe ukiwa bado unakoroga siagi kwenye kikaango. Zikaangwe kabla maji hayajachemka.