Mkate Uliolala Barafuni

Nimesahihisha kazi za wanafunzi wa ualimu kwa miaka mingi, na tabia hiyo haijaniacha. Siku hizi nasahihisha mikate. Msomaji asicheke. Hapa Chang'ombe, si mbali na chuo kile cha ualimu ambacho mwaka 2005 kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, tumebaki wawili nyumbani, mimi na mama watoto. Zamani tulikuwa tisa, pamoja na wapwa waliokuja mjini kusoma, na mkate wa kumimina haukuiona adhuhuri. Watoto wameondoka, lakini sufuria ni ile ile. Mkono wa mama umezoea kilo mbili za mchele, na kipimo kidogo humkosesha raha. Ndipo ikaja friza.

Kwa muda mrefu niliihukumu bila huruma. Nilisema mkate uliogandishwa ni sawa na insha iliyonakiliwa: maneno yote yapo, mwenyewe hayupo. Leo naandika ili nirekebishe sehemu ya hukumu hiyo, si yote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchanganya friji na friza. Nilikuwa nauonja mkate uliokaa friji siku tatu, mgumu kama ubao, kisha nalaumu baridi yote kwa jumla. Kumbe mkate haukakamai kwa kupoteza maji tu. Wanga wake, uliolainika kwa moto, hujipanga upya na kuwa mgumu, na baridi ya friji, nyuzi 4 hivi, huiharakisha kazi hiyo kuliko hata joto la meza yetu. Faida ya friji ni kuchelewesha ukungu, basi. Ukiushusha mkate hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kazi ile karibu isimame kabisa. Kwa hiyo mkate wa leo ama uliwe leo na kesho, ama ugandishwe leo leo, ukiisha kupoa. Ukiufunga ungali moto, mvuke hugeuka chembe za barafu, na ukiyeyuka unapata mkate uliolowa.

Sasa nije kwenye mkate wa kumimina wenyewe, maana ndio mtihani hasa. Mchele umelowekwa usiku, ukasagwa kwa tui, ukatiwa iliki, sukari na hamira, ukaumuka, ukamiminwa kwenye sufuria yenye mafuta, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ukitoka una ukoko wa kahawia na matundu ndani. Barafu haiuonei huruma ukoko ule, umekwisha, haurudi. Matundu hubaki. Wanga wa mchele hukakamaa vibaya ukipata baridi, na anayeula baada ya kuyeyuka tu mezani atakubaliana na hukumu yangu ya zamani. Lakini kipande kikitiwa kwenye mvuke dakika chache, wanga hulainika tena, na harufu ya iliki inatoka kana kwamba ilikuwa imelala tu. Mimi niliyekuwa natoa sifuri nampa mama alama 70. Ameniuliza thelathini zimekwenda wapi. Nimemjibu: ukoko.

Skonzi hazina neno. Keki isiyo na krimu hupita vizuri kuliko zote. Visheti havihitaji friza hata kidogo, na anayevigandisha anatafuta kazi. Maandazi hayaokwi, najua, lakini yamo humo humo, nayo yakipashwa juu ya kikaango kikavu yanafaa chai ya asubuhi.

Lawama yangu iliyobaki ni juu ya vitabu vya mapishi kutoka nje, anavyotuletea binti yetu. Vinashauri kana kwamba umeme haukatiki. Sisi tuliopita katika mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011 tunajua. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia baridi kama siku mbili; iliyo nusu, kama siku moja. Kwa hiyo nafasi zilizo wazi tunajaza chupa za maji, na umeme ukikatika nakaa mlangoni pa jiko kama msimamizi wa mtihani, asiguse mtu. Mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019, mama ameibadilisha kwa makopo yenye vifuniko. Juu yake naandika tarehe. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Tena vitabu hivyo vinadhani nyumba ya watu wawili ni watu wawili. Kwetu mkate uliozidi ulikuwa na njia yake: sahani, kitambaa juu, mtoto anatumwa kwa jirani. Friza iliziba njia hiyo. Ilipofika, sahani zetu zilikaa kabatini miezi, na hilo liliniuma kuliko ukoko.

Lakini mwaka 2021 mama aliumwa vifundo vya mikono. Kukanda, kukuna nazi, kuinua makaa, vyote vikawa vya siku njema tu, na siku njema zikawa mbili au tatu kwa mwezi. Siku hizo huoka tangu alfajiri, kisha hukaa akitazama makopo yakijaa. Siku mbaya hunituma: "Mwalimu, toa lile la tarehe nane." Tunakula mkate wake ilhali mikono yake imelala mapajani. Nilipoona hivyo niliacha kusema habari za insha zilizonakiliwa.

Jumamosi iliyopita alitaka kumpelekea jirani vipande vinne kutoka kwenye kopo. Nilikataa. Nikasema jirani hupewa cha moto, siyo cha barafu. Akavitia kwenye mvuke, akavipanga, akafunika kitambaa, akamtuma mjukuu. Sahani ilirudi jioni na maembe mawili na salamu kwamba mama wa hapa hajasahau kuoka. Mama alinitazama. Jirani sijamwambia mpaka leo.