Bango Lisiloongea na Kencom

#StopEACOP ina herufi tisa, na hakuna hata moja inayoongea na mtu anayengoja matatu Kencom.

Tangu niache chuo nimekuwa nikiandikia watu matangazo, na swali la kwanza huwa moja tu: nani atasoma? Waliounda kauli hii walimjua msomaji wao. Ni mtu wa suti London au Paris, anayeogopa jina la benki yake kuchafuka. Na kwake ilifanya kazi, tusikatae: benki kubwa kadhaa za huko zilisema hazitatia pesa.

Lakini kinachopingwa ni bomba la mafuta la kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga. Mafuta yenyewe yana nta, kwa hivyo lazima bomba lipashwe joto la nyuzi 50 ndiyo yatiririke. Njiani kuna wakulima walioambiwa shamba limeshapimwa, wasipande mazao ya kudumu, kisha wakangoja fidia kwa miaka. Mtu wa Kangemi aliyeona nyumba ikichorwa X nyekundu anaielewa hiyo stori bila kufafanuliwa. Bango limeiacha nje.

Sisi wa Nairobi tuna kisingizio. Mwaka wa 2016 Uganda iliacha njia ya kupitia Kenya hadi Lamu, ikachagua Tanga, nasi tukaona haya ni mambo ya majirani. Halafu Machi 2025 ikatangazwa awamu ya kwanza ya mikopo ya kujengea bomba, na kati ya wakopeshaji kuna KCB Bank Uganda, kampuni tanzu ya KCB yetu. Hata jina Kencom, unaloliita kila siku ukishuka mjini, limetokana na benki hiyo.

Utaniambia Reject Finance Bill pia ilikuwa Kiingereza, na Juni 2024 mji ulijaa. Kweli. Lakini kabla ya watu kufika Moi Avenue, kuna vijana walikaa chini wakautafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kwa nini mkate ungepanda bei. Hashtegi ilikuwa kifuniko tu. Chakula kilikuwa ndani ya sufuria.

Hapa kwetu sufuria ya bomba bado ni tupu. Kampala, watu wa rika letu wanakamatwa kila mara wakiandamana juu ya jambo hili, na sisi tunasambaza picha zao na herufi zilezile tisa.

Mimi ningeanza na bango la Kiswahili, nje ya Kencom, saa kumi na moja jioni foleni ikiwa ndefu: "Benki yetu inatafuta nini Hoima?" Mtu akiuliza Hoima ni wapi, hapo ndipo kazi inaanza. Mweleze kuhusu yule mkulima na fidia yake, kabla gari lijae.